Chupa Inapokwisha Kabla ya Tarehe: Haki ya Mgonjwa Mwenye Maumivu Makali



Mada tuliyokabidhiwa leo huenda ikaonekana ndogo mbele ya mada nyingine za semina hii. Tumezoea kuzungumza juu ya ardhi, rushwa, uchaguzi na ujira wa mfanyakazi. Sasa tunaombwa tuzungumze juu ya chupa ya dawa iliyopaswa kudumu siku 14 ikaisha siku ya 11, na juu ya mtu aliyesimama na chupa hiyo tupu mbele ya dirisha la dawa akiambiwa: "Tarehe yako bado. Rudi wiki ijayo."

Tunasema tangu mwanzo msimamo wetu. Kumwacha mgonjwa siku tatu katika maumivu makali, hali dawa yake imo kabatini, si suala la utaratibu wa ofisi peke yake. Ni suala la haki.

1. Dawa tunayoizungumzia

Dawa yenyewe ni mofini, inayotokana na mmea wa afyuni. Katika nchi zetu hutolewa mara nyingi ikiwa dawa ya maji, nayo hunywewa na wagonjwa wa saratani na wengine ambao maumivu yao hayatulizwi na dawa za kawaida. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977. Mwaka 1986 shirika hilo lilitoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani kwa ngazi: kuanza na dawa nyepesi, kupanda kwenye zenye nguvu zaidi, hadi kufika kwenye mofini. Mwongozo ulisisitiza kwamba dawa inyweke kwa saa zake, bila kungoja maumivu yarudi.

Kwa kuwa dawa hiyo inaweza pia kutumiwa vibaya, sheria inaidhibiti. Hutolewa kwa cheti halali, hufungiwa kabatini, na kila kiasi kinachotoka huandikwa katika daftari maalumu. Hatuupingi utaratibu huo. Tumekwisha kuona katika mitaa yetu jinsi dawa za kulevya zinavyowaangamiza vijana. Lakini utaratibu uliowekwa ili kumlinda mtu usigeuzwe kuwa ukuta wa kumzuia.

2. Hesabu ya chupa

Kabla ya kumhukumu anayerudi mapema, tufanye hesabu pamoja naye. Tuchukue mfano wa mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Ameandikiwa mofini ya maji yenye miligramu 5 katika kila mililita 5. Anakunywa mililita 5 kila baada ya saa nne. Dozi ya wakati wa kulala huongezwa maradufu ili asiamshwe usiku wa manane. Jumla ni sehemu sita kwa siku, yaani mililita 30. Kwa siku 14 atahitaji mililita 420, na ndicho kiasi alichopewa.

Lakini mganga amemwambia pia, na hivyo ndivyo tiba inavyoelekeza, kwamba maumivu yakimzidia katikati ya saa zake anywe dozi moja ya ziada. Yakimzidia mara mbili kwa siku, atatumia mililita 40. Chupa itakwisha siku ya 11. Mama huyu hakuiba, hakuuza, wala hakumwaga hata tone moja. Ametii maagizo, na utii wake ndio uliomaliza chupa.

Tena ugonjwa hausimami mahali pamoja. Uvimbe ukikua, maumivu nayo hukua, na mganga huipandisha dozi. Ikifika mililita 10 kila saa nne, chupa ileile itadumu siku 7 tu. Ziko na sababu nyingine: kijiko cha nyumbani kinachobeba zaidi ya mililita 5, mtoto aliyeangusha chupa, safari ya msiba inayomlazimu mgonjwa achukue dawa kabla ya siku yake, au gari la kwenda mjini linalopatikana siku moja tu kwa wiki.

Kwa hiyo neno "mapema" halijathibitisha kosa lolote. Linatutaka tuulize swali. Kosa letu ni kutoa hukumu kabla ya kuuliza.

3. Hofu mbili zinazokutana dirishani

Mfamasia ana hofu yake, nayo ina msingi. Daftari lisipolingana na kabati, yeye ndiye atakayejibu. Hapa Tanzania, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 imeweka adhabu kali. Nchini Kenya iko sheria ya mwaka 1994 juu ya dawa hizo. Mtu anayejua kwamba anaweza kupoteza kazi, na hata uhuru wake, huona ni salama zaidi kusema "hapana".

Mgonjwa naye ana hofu. Anaogopa kuonekana teja. Hapa twapaswa kutofautisha mambo mawili. Mwili uliotumia mofini kwa majuma kadhaa huizoea. Ikikatizwa ghafla, mgonjwa hutoka jasho, hutetemeka, huharisha, hukosa usingizi, na maumivu yake hurudi kwa nguvu. Hali hiyo vijana wa mitaani huiita arosto, na mtu asiyeelewa akiiona kwa mgonjwa husema, "Kumbe ni mlevi wa dawa." Sivyo. Uraibu ni kuitafuta dawa bila kujali madhara, hata inapoharibu maisha. Mgonjwa huyu anaitafuta ili apate kulala, kula uji na kuongea na wanawe. Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Hatusemi kwamba hakuna udanganyifu. Pengine ndugu asiye mwaminifu huichukua dawa ya mgonjwa akaiuza. Lakini dawa ya udanganyifu huo ni uchunguzi wa haraka, nao hufanywa huku mgonjwa akiendelea kutunzwa. Kumrudisha mgonjwa nyumbani mikono mitupu hakumkamati mwizi.

4. Sheria ina mikono miwili

Wengi hudhani kwamba sheria za kimataifa zinaamuru kukataza tu. Sivyo zilivyoandikwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 juu ya dawa za kulevya unakiri katika utangulizi wake kwamba dawa hizi ni za lazima katika tiba ya kutuliza maumivu, na kwamba hatua zinazofaa zichukuliwe ili zipatikane kwa ajili hiyo. Mkono mmoja wa sheria unazuia matumizi mabaya; mkono wa pili unampa mgonjwa. Nchi inayotumia mkono mmoja tu haijaitimiza sheria.

Mkataba huo unaitaka kila nchi ipeleke makadirio ya mahitaji yake ya mwaka kwa bodi ya kimataifa ya udhibiti iliyoko Vienna. Nchi ikikadiria kidogo, hupata kidogo. Dawa ikiwa chache kabatini, mfamasia huibana, na anayerudi mapema ndiye huumia kwanza. Tume ya wataalamu iliyochapisha taarifa yake katika jarida la The Lancet mwaka 2017 ilionyesha kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya afyuni, kwa kipimo cha mofini, zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu, yaani kilo 100. Huu ni mgawanyo usio wa haki.

Wengine watatuonya kwa mfano wa Marekani, na onyo hilo twalipokea. Huko dawa hizi ziliandikwa ovyo kwa miaka mingi, zikauzwa kwa tamaa ya faida, na watu wengi wakanaswa. Mwaka 2021 peke yake watu zaidi ya 80,000 walikufa huko kwa kuzidisha vitu vya jamii ya afyuni, wengi wao kwa fentanili iliyotengenezwa kiharamu. Lakini tusome na ukurasa wa pili wa habari hiyo. Sheria ya huko ya mwaka 1970 hairuhusu cheti kimoja cha dawa kama mofini kitumike mara ya pili. Kila mara huhitajika cheti kipya. Mwongozo uliotolewa kwa madaktari mwaka 2016 ukageuzwa mahali pengi kuwa amri isiyopinda, na wagonjwa waliokuwa wakiishi vizuri kwa dawa wakapunguziwa au kukatiwa ghafla. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilionya juu ya madhara ya kukatiza dawa ghafla, na mwaka 2022 mwongozo wenyewe ulisahihishwa. Funzo ni hili: ulegevu huua, na ukali usio na macho nao huumiza.

Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha njia nyingine. Tangu Hospice Africa Uganda ilipoanzishwa Kampala mwaka 1993, mofini ya maji imetengenezwa huko kutokana na unga wake kwa gharama ndogo. Mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi na waganga wasaidizi waliopata mafunzo maalumu kuandika cheti cha mofini. Hivyo mgonjwa wa kijijini ambaye dozi yake imepanda halazimiki kumngoja daktari wa mjini ndipo apate cheti kipya.

5. Neno la Kanisa

Wapo waumini wanaodhani kwamba kuomba dawa ya maumivu ni kuukimbia msalaba. Papa Pius XII aliwajibu madaktari mwaka 1957 kwamba ni halali kutuliza maumivu kwa dawa hizi, hata kama zingeweza kupunguza fahamu au kufupisha maisha, ilimradi kifo hakikusudiwi na hakuna njia nyingine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha vivyo hivyo katika namba 2279, na kuitaja tiba shufaa kuwa namna ya pekee ya upendo. Basi tusimwekee mgonjwa mzigo ambao Kanisa halikumwekea.

6. Tufanye nini?

Kwa mgonjwa na anayemuuguza: siku ya kupewa dawa, ulizeni, "Ikiisha mapema, tumwone nani?" Ombeni dozi za ziada ziandikwe kwenye cheti na zihesabiwe katika kiasi kinachotolewa. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe chenye alama. Wekeni daftari: saa, kiasi, na ukali wa maumivu kwa vidole, ngumi iliyofungwa ikiwa hakuna maumivu na vidole vitano ikiwa ni makali kabisa. Rudini dawa ikiwa imebaki ya siku tatu, mkiwa na chupa na daftari. Dawa ikimwagika, semeni ukweli siku hiyohiyo. Msijipandishie dozi wenyewe. Mgonjwa akilala usingizi mzito asiamke, au akipumua taratibu mno, apelekwe hospitali mara moja. Fungieni dawa mbali na watoto, msimwazime mtu, na mgonjwa akifariki rudisheni iliyobaki.

Kwa mganga: andika kiasi kinachotosha hadi siku ya kurudi, na uandike kila unapopandisha dozi, ili mfamasia asikutane na fumbo.

Kwa mfamasia: kabla ya kusema "hapana", soma daftari la mgonjwa na umpigie simu aliyeandika cheti. Kama kinahitajika cheti kipya, mwelekeze mgonjwa kwa mtu anayeweza kukiandika leo, asirudi nyumbani bila mwelekeo.

Kwa kamati zetu: mgonjwa asiende dirishani peke yake. Mjumbe wa Jumuiya Ndogondogo amsindikize na aulize kwa heshima, "Kinachotuzuia ni sheria, au ni mazoea ya hapa?" Kama ni mazoea, tumwone mganga mkuu. Kama ni uhaba, tuwaulize viongozi wa wilaya jinsi mahitaji yanavyokadiriwa. Wala tusimwache mtu yeyote akatafute dawa mitaani, maana huko hajui anachouziwa.

Ndugu wapendwa, mgonjwa mwenye maumivu makali hana nguvu za kuandamana wala kuandika barua. Sauti yake huishia kitandani. Kazi ya Haki na Amani ni kuifikisha sauti hiyo dirishani, na kutoka dirishani kuifikisha kwa wenye mamlaka, kabla chupa haijakauka.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Je, katika Jumuiya yetu yuko mgonjwa anayetumia dawa inayodhibitiwa? Nani humfuatia dawa hiyo, na ni mwendo wa umbali gani?
2. Hospitali au zahanati yetu ina utaratibu gani kwa mgonjwa ambaye dawa yake imekwisha kabla ya tarehe?
3. Ni maneno gani tunayoyatumia yanayomfanya mgonjwa aonekane mhalifu? Tuyabadilishe vipi?