Furaha yenye haiko ya kujionyesha

Tulipotoka kambi ya Lugufu, tulishuka pa bandari ya Kalemie tukiimba. Kesho yake nikakuta mwingine anajenga pa kiwanja changu. Kanisani wakaniambia: mama, cheka, si umeokoka? Nikacheka na meno tu. Halafu jirani mmoja akaleta unga na ndagala, akakaa, tukalia wote. Njo pale nilifurahi kweli. Paulo naye aliandikia Wafilipi juu ya furaha akiwa kifungoni. Machozi yake hakuyaficha, na aliwashukuru kwa msaada wenye Epafrodito alimletea. Kesi ya kiwanja haijakwisha. Jirani yule eko hapa nyuma. Leo ndagala nimeleta mimi.