Somo la Redio: Mahindi na Unga

Fungueni daftari zenu.

Tuseme wewe ni kijana wa Tunduma. Umewaandikia wafanya biashara wa mahindi programu ya kompyuta ya hesabu za ghala. Hukuiandika yote. Sehemu ya kupiga chapa risiti umeichukua katika maktaba, yaani programu iliyoandikwa na wengine ikatolewa bure. Umeirekebisha ionyeshe shilingi yetu na kwacha ya Zambia. Sasa wataka kuiuza. Je, huna deni? Unalo.

Programu huandikwa kwa maneno yasomekayo, nayo huitwa msimbo chanzo. Kisha hugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Ni kama mahindi na unga. Mwenye mahindi aweza kusaga, aweza na kupanda. Mwenye unga atapika ugali tu, maana unga hauoti.

Kwa hiyo maktaba nyingi zina leseni. Moja ni LGPL ya Free Software Foundation ya Marekani. Toleo lake la 2.1 lilitoka mwaka 1999. Ikiwa maktaba yako ni ya leseni hiyo, andikeni masharti haya:

1. Katika kila faili uliyoibadili, andika kwamba umeibadili, na tarehe.

2. Mjulishe mnunuzi kwamba maktaba hiyo imo, umpe na nakala ya leseni.

3. Mpe msimbo chanzo wa maktaba pamoja na mabadiliko yako, au ahadi ya maandishi ya kumpa, idumuyo miaka 3 au zaidi.

4. Usimfungie mlango. Aweze kuibadili maktaba na kuiunganisha tena na programu yako.

Sehemu uliyoandika mwenyewe ni mali yako. Waweza kuiuza na kuficha chanzo chake. Na ukiitumia programu peke yako bila kumpa mtu, hudaiwi chanzo.

Mbona masharti haya? Kesho waweza kuhamia Vwawa au Mbeya, na risiti zikaharibika. Mwenye ghala akiwa na chanzo, fundi mwingine atairekebisha maktaba. Tena ukivunja masharti, ruhusa yako yakoma, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 hulinda programu kama maandishi mengine.

Maswali:
Kwa nini unga pekee hautoshi?
Ni sehemu gani waweza kuificha?

Jadilianeni na mwalimu wenu. Kwaherini.