Jirani Mwaminifu Katika Mkate wa Kila Siku

(Mada iliyotolewa katika juma la maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika)



Usharika unapotimiza miaka 100, jambo la kwanza linalofanyika ni kuhesabu. Huhesabiwa waliobatizwa na waliopata Kipaimara, ndoa zilizofungwa, wachungaji na wainjilisti waliotumika, mitaa iliyokua ikawa sharika kamili, na mabati yaliyochukua mahali pa nyasi. Hesabu hiyo ni njema, nayo ina nafasi yake katika kitabu hiki. Lakini iko hesabu nyingine isiyopatikana katika daftari lo lote la ofisi ya Usharika. Katika miaka hiyo 100, ni watu wangapi waliolala usingizi wa amani kwa sababu jirani yao alikuwa Mkristo? Mada hii inahusu hesabu hiyo ya pili.

Maneno mawili katika ombi la nne

Mwaka 1529 Martin Luther alitoa Katekisimo Ndogo ili wenye nyumba wapate kuwafundisha watu wa nyumbani mwao. Vizazi vya vijana katika sharika za Kilimanjaro vimeijifunza kwa moyo kabla ya kupiga magoti mbele ya madhabahu. Katika kulieleza ombi la nne la Sala ya Bwana, lile la mkate wa kila siku, Luther haishii kwenye chakula na mavazi. Anataja nyumba, shamba, mifugo na fedha. Kisha anaongeza mambo ambayo mtu mwenye njaa asingeyafikiria upesi: serikali njema, amani, afya, hali nzuri ya hewa, heshima, marafiki wema, na majirani waaminifu.

Wengi hukariri maneno hayo mawili ya mwisho na kuyapita, nao wakafurahi kwamba jibu limekwisha. Hata hivyo yana uzito mkubwa. Kama jirani mwaminifu ni sehemu ya mkate, basi anayemdanganya jirani yake amenyoosha mkono na kuuondoa mkate mezani pa mwenzake. Tena kuna jambo la ndani zaidi. Jioni moja, nyumba zote za mtaa husali Sala ya Bwana. Katika nyumba ya kwanza mama anamwomba Mungu mkate wa kila siku, na ndani ya mkate huo anaomba jirani mwaminifu, ajue au asijue. Katika nyumba ya pili, ng'ambo ya migomba, yuko mtu ambaye ndiye jirani huyo. Hivyo kila Mkristo husali, na papo hapo ni jibu la sala ya mwingine. Aweza kuwa jibu la kweli, au aweza kuwa sababu ya mwenzake kudhani kwamba Mungu hakusikia.

Shule ya mfongo

Watu wa milima hii walijua maana ya ujirani kabla ya Injili kufika. Mifongo yao ilichimbwa kwa mikono, ikafuata mteremko wa ardhi kwa ustadi, ikatoa maji katika mito ya mabondeni na kuyafikisha kwenye vihamba vilivyo juu ya vilima. Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, waliikuta mifongo ikifanya kazi, na sheria zake zikiwa vichwani mwa wazee.

Bruno Gutmann, mmisionari aliyefika Uchaggani mwaka 1902 na kutumika miaka mingi Old Moshi, aliziandika nyingi za sheria hizo katika kitabu chake kikubwa kuhusu sheria za Wachagga, kilichochapishwa mwaka 1926. Yeye aliamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu amevitia katika maisha ya watu, na kwamba Kanisa linapaswa kujengwa juu yake, si kuvibomoa. Baadaye wako waliosema, na kwa haki, kwamba aliyapamba mno maisha ya zamani, na kwamba hakuyapa uzito wa kutosha matamanio ya vijana waliotaka elimu na mambo mapya. Pamoja na hayo, jambo moja aliliona sawasawa: mtu haokolewi ili aishi peke yake.

Mfongo ulikuwa shule. Maji yalikuwa ya zamu, na zamu ilikuwa na saa yake. Kila mwenye haki ya maji alikuwa na wajibu wa kutoka na jembe siku ya kusafisha mfongo, na asiyetoka alitozwa faini au alinyimwa maji. Hakuna aliyeweza kudai zamu huku akikwepa jembe. Wanaofundisha uraia leo katika shule hutumia maneno marefu kueleza haki na wajibu. Mzee wa mfongo aliyaeleza kwa kuonyesha matope.

Lakini mtihani wa mfongo haukuwa siku ya kazi, maana siku hiyo watu wote walionana. Mtihani ulikuwa usiku. Usiku wa kiangazi, kahawa imenyauka, maji yanapita karibu na kihamba cha mtu yakienda kwa mwenye zamu aliye chini. Jiwe moja na matope kidogo yatosha kuyageuza. Mwenye zamu ataamka, ataona maji yamepungua, naye hatajua ni nani. Jumapili wote wawili watakuwa kanisani, tena labda katika benchi moja, wakiimba sauti ya kwanza na ya pili. Nabii Amosi, katika sura ya tano, anafananisha haki na maji yanayotiririka pasipo kukoma, naye ayanena hayo akiwaambia watu ambao nyimbo zao Mungu amekataa kuzisikiliza. Msikilizaji wa Uchaggani hahitaji ufafanuzi mrefu wa sura hiyo.

Leo mifongo mingi imekauka au imeachwa, na maji ya bomba yamefika katika vijiji vingi. Usiku ule haujakoma. Umehamia penye daftari la michango ya kikundi, penye mizani ya mnunuzi wa mazao, na penye mezani pa mtumishi wa umma ambaye mwananchi mnyonge amekuja kwake kutafuta haki yake.

Jani la isale

Pamoja na mfongo, wazee waliacha funzo jingine katika mmea ambao kila mtoto wa Kilimanjaro anaufahamu. Isale hupandwa mpakani kati ya kihamba na kihamba. Isale hiyo hiyo hupelekwa na mkosaji, mara nyingi kwa mkono wa mtu wa kati, kumwendea aliyekosewa ili kuomba radhi. Kwa desturi, aliyeletewa isale hakutazamiwa kukataa. Ilimpasa kukaa chini na kusikiliza.

Hekima iliyomo ni kubwa. Mmea unaosema kwamba hapa ni pako na pale ni pangu ndio huo huo unaosema kwamba nimekukosea, nipokee. Mpaka bila msamaha huzaa uadui wa vizazi. Msamaha bila mpaka humwachia mwenye nguvu kuchukua leo na kuomba radhi kesho, kisha kuchukua tena. Jamii yenye afya yahitaji yote mawili. Injili haikuufuta ufahamu huo, bali iliupa shina: msamaha haumtegemei mkosaji kuleta jani, kwa kuwa Kristo, asiyekosa, ndiye aliyekuja kwanza kwa waliokosa.

Miaka ambayo wageni waliondoka

Historia ya Kanisa katika milima hii ina kipindi kinachothibitisha neno hili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari wa Kijerumani wa Leipzig walilazimika kuondoka nchini mwaka 1920. Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walikuja kusaidia katika miaka iliyofuata, lakini walikuwa wachache kwa kazi iliyokuwapo. Wale wa Leipzig walianza kurudi katikati ya miaka ya 1920. Ilipozuka vita ya pili mwaka 1939, pengo likatokea tena.

Wengi walidhani kazi ingekufa. Haikufa. Waalimu, wainjilisti na wazee wa Kanisa ndio walioendelea kufundisha, kuongoza ibada, kuwatembelea wagonjwa na kuzika wafu. Majina ya wengi wao hayamo katika vitabu. Wengi hawakuwa na cheo kikubwa, wala mshahara wa kuwatosha. Walikuwa na Katekisimo, kitabu cha nyimbo, na sifa njema mtaani. Watu waliwafuata kwa kuwa waliwajua: huyu hakusogeza isale, huyu alipokabidhiwa sadaka ilifika.

Hapo ndipo lilipo jibu kwa wanaouliza mtu wa kawaida hupata wapi msukumo wa kuishi hivyo. Luther, alipoagiza sala ya asubuhi, hakumwacha Mkristo magotini siku nzima. Alimwambia asali, kisha aende kazini kwake kwa furaha. Msukumo wa Roho Mtakatifu huanzia katika Neno na sala, nao huonekana kwenye jembe, kalamu na mizani. Yesu mwenyewe, katika Luka 16:10, aliweka kipimo katika jambo lililo dogo.

Mtihani wa leo

Yubile isiyotaja dhambi ya nyumbani ni sherehe tu. Iko dhambi moja ambayo sharika nyingi huiona na kuinyamazia. Baba wa nyumba akifa, huzikwa kwa heshima, kwaya huimba, rambirambi hutolewa. Miezi michache baadaye ndugu hukaa kikao, na mjane huambiwa kwamba kihamba ni cha ukoo. Kahawa aliyoipalilia miaka 30 inakuwa ya mwingine. Katika kikao hicho wamo wanaokula Chakula cha Bwana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haikubali mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Lakini sheria haiwezi kukaa katika kikao cha ukoo isipokuwa imeletwa na mtu mwenye dhamiri.

Mtu huyo ni nani? Katekisimo imekwisha kumtaja. Amri ya saba, kwa maelezo ya Luther, haimwambii Mkristo asiibe tu. Inamwagiza amsaidie jirani yake kuitunza na kuiendeleza mali yake. Anayenyamaza wakati mjane ananyang'anywa hajachukua cho chote, walakini ameivunja amri.

Ndivyo ilivyo katika mambo ya nchi. Serikali njema imo katika ombi la mkate, kwa hiyo Mkristo hawezi kuiomba asubuhi na kuiuza mchana. Anayepokea kilo ya sukari ili atoe kura yake, anayetoa rushwa ili faili lake litangulie, na shahidi anayesema uongo barazani kwa ajili ya ndugu yake, wote wamegeuza mfongo usiku. Yeremia aliwaagiza wafungwa walioko Babeli wautafute mema mji ule wa kigeni. Basi si zaidi raia aliye katika nchi yake mwenyewe?

Hitimisho

Kwa karne ya pili, Usharika hauna haja ya kuanza na jambo kubwa. Yako matatu yaliyo karibu. La kwanza, wazee wa mitaa wawe mashahidi wa wajane na yatima kabla ya shauri kufika mahakamani. La pili, hesabu za kila kikundi zisomwe mbele ya watu, ili mtunza hazina mwaminifu alindwe na mwenye tamaa azuiwe. La tatu, ye yote aliye na ugomvi wa mpaka na jirani yake asiingie mwaka wa 101 akiwa nao. Isale bado inaota, haijapanda bei.

Miaka 100 ijayo, wengine watakusanyika na kuhesabu tena. Majina mengi ya leo yatakuwa yamesahauliwa, hata yale yaliyochongwa katika jiwe la msingi. Itatosha kama mama mmoja ng'ambo ya migomba, akimaliza kusali, ataweza kusema kwamba aliomba mkate, na Mungu akampa, pamoja na jirani.

Mungu wa amani aubariki Usharika huu, aibariki Dayosisi na nchi yote. Amina.