Mapinduzi ya Zanzibar na Sisi wa Ufukweni mwa Nyasa
(Mhadhara uliotolewa msikitini, Makwale, Kyela)

 

Huenda baadhi yenu mnajiuliza, mambo ya Visiwani yanatuhusu nini sisi wa ziwani? Jibu limo katika kabati la msikiti huu. Tafsiri ya Qur'ani tunayoisoma katika darsa ni ya Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Zanzibar yalipotokea Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Baadaye aliihama nchi yake. Akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na tafsiri yake kamili ikachapishwa Nairobi mwaka 1969. Alifariki Oman mwaka 1982.

Hatuutetei usultani. Ardhi kubwa ilikuwa mikononi mwa wachache, na Serikali ya Mapinduzi iliwagawia wasio nayo ekari tatu tatu. Elimu na matibabu vikatangazwa kuwa bure. Uadilifu unatutaka tuyataje hayo. Lakini pia maelfu waliuawa, wengi wao kwa sababu ya nasaba tu, na aghlabu aliyeua na aliyeuliwa walikuwa wakielekea kibla kimoja. Jambo hili tunalikwepa vikaoni. Ni rahisi zaidi kumtaja adui wa nje.

Mzee Abeid Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na Wazanzibari hawakupiga kura ya kumchagua rais wao mpaka mwaka 1980. Ulipokuja uchaguzi wa vyama vingi mwaka 1995, jeraha lilifunguka upya. Katika baadhi ya vijiji vya Pemba, Waislamu wa chama hiki walisusia maziko ya Waislamu wa chama kile, wala hawakununua dukani kwao. Januari 2001 waandamanaji wakapigwa risasi, na mamia ya watu wakakimbilia Shimoni, Kenya.

Maridhiano ya Novemba 2009, yaliyothibitishwa kwa kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010, yaliwarudisha watu kuzikana. Miaka mitano tu baadaye uchaguzi ukafutwa, na uhasama ukarejea.

Sisi Waislamu wa hapa tu wachache, na jeneza linahitaji mabega. Tunawaomba wazee wa msikiti walizungumze suala la maziko na vijana wetu wa vyama vyote kabla kampeni hazijaanza, si baada yake.

Maswali yatakuwa baada ya Isha. Aliyepata kuishi Unguja au Pemba miaka hiyo atangulie kusema.