Kiingereza cha Kidato cha Kwanza: Lengo Liwe Mdomo wa Mwanafunzi

Januari imefika, shule zinafunguliwa, na leo nazungumza na wewe mwalimu wa Kiingereza uliyepangiwa Kidato cha Kwanza hapa Tanzania. Mzazi, nawe usiondoke, nitakufikia.

Wengi wa wanafunzi utakaowapokea wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu kati ya mengi. Sasa baiolojia, jiografia na hisabati vyote vinawajia kwa Kiingereza. Mtoto akikwama kwako, atakwama na kwa walimu wenzako.

Ndiyo maana nakusihi, unapoandaa azimio la kazi, usitosheke na lengo la kumaliza mada. Andika jambo ambalo mwanafunzi ataweza kulifanya mwenyewe ifikapo Juni. Kwa mfano, asimame bila daftari na kumwelekeza mgeni njia ya kutoka shuleni hadi nyumbani kwao, kwa Kiingereza kinachoeleweka.

Ili afike hapo, anahitaji muda wa kuzungumza darasani, kwa hiyo tupige hesabu kidogo. Kipindi kina dakika 40. Tuseme darasa lina wanafunzi 60, nawe unazungumza dakika 30. Zinabaki 10. Wakizungumza mmoja mmoja, kila mtoto anapata sekunde 10, hata salamu haijaisha! Lakini wakizungumza wawili wawili, wote kwa wakati mmoja, dakika zilezile 10 zinampa kila mtoto dakika 5. Hukuongeza dawati wala kitabu. Kelele zitakuwepo, kwa hiyo mweleze mapema mwenzako wa darasa la jirani. Wewe pita katikati yao, sikiliza, nakili makosa yanayojirudia, kisha yaandike ubaoni bila kumtaja aliyekosea.

Jambo la kicheko lisimamie tangu siku ya kwanza. Mtoto aliyechekwa mara moja anaweza kukaa kimya muhula mzima. Na zile adhabu kwa aliyeongea Kiswahili, mwalimu wangu, ziache. Mtoto asiye na neno la Kiingereza hapewi neno hilo na fimbo. Mruhusu aulize kwa Kiswahili, umpe sentensi anayoihitaji, naye airudie kwa Kiingereza.

Kuna pia lile swali letu la mwisho wa kipindi: "Mmeelewa?" Darasa zima huitikia ndiyo, na wasioelewa wamo humo humo. Badala yake, kila mmoja aandike sentensi moja kwenye kipande cha karatasi akukabidhi anapotoka. Utajua pa kuanzia kesho.

Kwenye insha, usiijaze karatasi wino mwekundu. Chagua kosa la aina moja kwa wiki mbili, labda vitenzi vya wakati uliopita, usahihishe hilo, na mwanafunzi aandike upya. Asipoandika upya, kazi yako ya usiku kucha imepotea bure.

Sasa mzazi. Hata kama Kiingereza hukijui, unaweza kusaidia. Jioni, mtoto akusomee kwa sauti ukurasa mmoja wa kitabu chake, kisha akueleze kwa Kiswahili kilichoandikwa humo. Akishindwa kueleza, mwambie aweke alama pale alipokwama, na kesho amwulize mwalimu.