Waliojenga Wasibaki Mlangoni
(Maneno ya ndugu mmoja wa reli mkutanoni)



Huko Indiana, Marekani, kipo chuo kikuu cha Kikatoliki, Notre Dame, kilichoanzishwa mwaka 1842. Tarehe 23 Aprili 1879 jumba lake kuu liliteketea, wanafunzi wakarudishwa makwao. Waashi na vibarua walijenga kiangazi kizima. Septemba ile ile masomo yakaanza tena.

Hata leo, kila Agosti mwaka mpya wa masomo huanza, na vijana huingia koleji yake ya zamani kuliko zote kusoma lugha, historia na falsafa.

Mimi niliishia shule ya msingi ya misheni kwa kukosa karo. Ndugu, aliyejenga nyumba ya elimu asibaki mlangoni. Tuchangie karo za watoto wetu kabla kengele haijalia.