Kunyata, Kurudia na Kulala

Leo tuongee juu ya gemu ya kompyuta iitwayo Thief II, iliyotoka Marekani mwaka 2000 kufuatia ile ya 1998. Ina misheni 15 na ngazi tatu za ugumu. Ngazi ya juu kabisa hairuhusu kuua mtu, na mali ya kuiba inaongezeka. Basi unanyata gizani, unaonekana, unarudia. Utamu uko hapo, na mtego pia: "mara moja tu" inakufikisha alfajiri.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Ukikosa, darasani unasinzia na ulichosoma hakikai kichwani. Gemu hii inakuruhusu kuhifadhi ulipofikia wakati wowote. Hifadhi, zima, kalale!

Je, jana ulilala saa ngapi?